Mchanga Chini ya Jukwaa

Onni Heikkala alikuwa ameshavaa kofia, glavu na buti kabla binti yake hajamaliza kahawa. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango kama abiria anayeogopa kuachwa, macho yake yakiwa kwenye dirisha la jikoni. Nje iliegeshwa pikapu yake ya bluu. Juu ya bodi yake kulikuwa na jukwaa la alumini, na juu ya jukwaa zilisimama pikipiki mbili za theluji, zisizo na magurudumu, bega kwa bega, zimekazwa kwa mikanda.

"Baba, bado mapema," Senja alisema.

"Nani kasema tumechelewa? Mimi nimekaa tu."

Senja aliinamia kikombe chake ili baba yake asimwone akitabasamu. Alikuwa amerudi nyumbani, huku kaskazini mwa Michigan, mara tu baada ya kuhitimu chuo, akasema atakaa wiki mbili kabla ya kwenda kutafuta kazi. Kisha baba yake akapasuliwa moyo majira ya baridi yalipoanza, na zile wiki mbili zikasahauliwa. Daktari alimkataza Onni kuendesha gari hadi theluji iyeyuke, na akamkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko birika. Siku waliyotoka hospitali, mzee alimpa Senja funguo za pikapu bila neno, akazunguka hadi upande wa abiria, upande ambao hakuwahi kuukalia tangu anunue gari lile.

Moyo ulikuwa unapona vizuri. Kilichomtisha Senja kilikuwa kingine. Baba yake alikuwa ameanza kusahau. Aliacha jiko likiwaka. Alimwita mbwa kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Kila mara alijitania mwenyewe, lakini zaidi ya mara moja Senja alimkuta amesimama ukumbini, mkono ukutani, akijaribu kukumbuka alikuwa anakwenda wapi. Daktari alisema hutokea baada ya upasuaji mkubwa, na kwa watu wengi hupita. Onni hakumwamini.

Jioni moja, akimenya viazi, Onni alisema, "Mwaka huu nataka kwenda ziwani na wenzangu kama kawaida. Nikiweza, nitajua bado mimi ni mimi. Nisipoweza, tutauza gari, tutauza na Manjano, nitakaa hapa dirishani nihesabu ndege."

Aliyasema kwa utulivu, kisu kikiendelea kumenya, na utulivu ule ndio uliomfanya Senja aamini kwamba hatanii.

Manjano ilikuwa pikipiki yake ya theluji, kuukuu, ya rangi ya ndimu mbivu, aliyoinunua kabla Senja hajazaliwa. Kila Februari wazee waliowahi kufanya kazi pamoja kwenye karakana ya mbao hukutana Ziwa la Perttu, wakaendesha mashine zao za zamani juu ya barafu, wakakaanga samaki, wakajifungia kwenye sauna, chumba cha mvuke wa moto, mpaka nyuso ziwe nyekundu kama nyanya. Mama yake Senja, alipokuwa hai, alikaa nyuma ya Onni kwenye kiti cha Manjano, akimkumbatia kiunoni na kumkemea apunguze mwendo.

Asubuhi hii, kahawa ikiwa bado mezani, mlango ulifunguliwa na baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia Clayton Beaudry, jirani yao, ameujaza mlango wote.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa ni wewe na tumbo lako," Onni alijibu.

"Tumbo hili ni akiba ya msimu wa baridi, ndugu yangu. Wewe umebaki mifupa, upepo ukivuma ziwani tutakukuta Kanada." Clayton aliweka mezani mfuko uliofuka harufu ya pai za nyama na viazi. "Dereva wetu hajambo?"

"Sijambo, Mzee Clayton. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Umeshamaliza hesabu zako, au na pai nazo zipimwe?"

Alikuwa akimtania kwa mambo ya jana. Jana, kabla pikipiki hazijapandishwa, Senja alifungua mlango wa dereva akasoma kibandiko kilichobandikwa pembeni: watu na mizigo yote visizidi ratili elfu moja na mia tisa. Akaanza kujumlisha. Jukwaa lenyewe. Manjano, ambayo ni nyepesi. Pikipiki mpya ya Clayton, ambayo ni nzito kama ndama, pamoja na petroli iliyomo. Kisha watu watatu.

"Hicho kibandiko kimeandikwa na mawakili," Clayton alikuwa amesema. "Gari hili linaweza kuvuta nyumba."

"Kuvuta ni kuvuta, Mzee Clayton. Hapa hatuvuti, tunabeba. Mgongo unaoelemewa ni wa gari lenyewe. Una ratili ngapi?"

Clayton alitaja ratili zake. Onni, dirishani, alikohoa kwa kicheko.

"Na zile ulizoficha?" Senja aliuliza, akaongeza nyingine thelathini. Jumla ikaja chini kidogo ya kikomo. Kidogo sana, lakini chini. Akaridhika.

*

Barabara ilikuwa nyeupe na ngumu, na theluji laini ilidondoka bila haraka. Senja aliwasha taa za mbele, akashika mwendo wa wastani. Wazee wawili walianza kubishana kuhusu samaki ambaye Clayton alidai kumvua mwaka ambao, kwa mujibu wa Onni, Clayton alikuwa kitandani na matubwitubwi. Gari lilijaa harufu ya pai na sufu yenye unyevu. Onni alicheka, na Senja akafurahi, kwa sababu tangu hospitali kile kicheko kilikuwa adimu.

Lakini mikono yake haikutulia. Usukani ulikuwa mwepesi. Aliukata kidogo kwenye kona, na gari likachelewa kutii, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Aliupunguza mwendo. Lori la magogo lilikuja mbele yao, likawawashia taa mara mbili, likapita likipiga honi.

"Anakusalimia," Clayton alisema.

Gari dogo lililofuata nalo likawasha taa.

"Umepata umaarufu, mama."

"Hawanisalimii," Senja alisema. "Wanadhani nimewasha taa kali. Sijawasha." Alitazama mbele. Mwanga wa taa zake haukuanguka barabarani. Ulikuwa unapita juu, unagusa matawi ya misonobari.

Baba yake naye alikuwa akitazama matawi.

Mbele kidogo kulikuwa na njia panda, na dukani kwa Bi Darlene palikuwa na pampu ya mafuta na kahawa. Baada ya duka, barabara huanza kushuka. Ni mteremko mrefu unaokwenda hadi ziwani, wenye kona moja kali juu ya korongo, na greda likipita asubuhi hukwangua theluji na kuacha barafu inayong'aa kama kioo. Senja alikuwa ameota kona ile usiku wa kuamkia siku hiyo. Alionyesha taa ya kukunja, akaingia kwa Bi Darlene.

"Mbona tunasimama?" Clayton aliuliza. "Mtu amebanwa na mkojo?"

"Nataka kulitazama gari."

Alishuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akalitazama kwa ubavu. Pikapu ilikuwa imeinua pua kama mbwa anayenusa upepo. Nyuma ilikuwa imekaa chini. Kati ya tairi la nyuma na bodi hapakupita hata kiganja, na springi, ambazo huwa zimepinda kama upinde, zilikuwa zimenyooka kabisa.

Wazee walishuka wakasimama kando yake.

"Imekaa kidogo," Clayton alikiri. "Lakini tumebakiza mteremko tu. Kushuka hakuhitaji nguvu."

"Kushuka kunahitaji breki na usukani," Senja alisema. "Matairi ya mbele ndiyo yanayokunja kona, na sasa hivi yanagusa barabara kwa adabu tu. Pale korongoni nikikunja, gari litanyooka."

"Unaogopa tu. Dereva mpya lazima aogope."

"Ndiyo, naogopa."

Wote wawili wakamgeukia Onni. Senja alijua anachokiuliza. Akisema turudi, baba yake atarudi kwenye kile kiti cha dirishani, na huenda asitoke tena. Akisema twende, anaweza kumpeleka korongoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimebeba pikipiki mbili kwenye gari hili miaka yote," Onni alisema polepole.

"Najua, Baba. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ulipokuwa ukizibeba, pua iliinuka hivi?"

Onni alitazama. Theluji ilitua kwenye kofia yake na hakuipangusa. "Hapana," alisema mwishowe. "Haikuwahi."

"Basi kuna kitu sikukihesabu. Nimejumlisha mara mbili. Nimeongeza hata ratili za Mzee Clayton za siri. Kuna uzito humu sijui umetoka wapi."

Mzee alianza kuizunguka pikapu. Alibonyeza tairi kwa buti. Alipitisha glavu kwenye ukingo wa jukwaa. Alipofika nyuma aliweka kiganja juu ya mlango wa bodi, na pale akasimama. Senja aliuona uso wake ukibadilika. Ulikuwa uso ule ule wa ukumbini, ila safari hii alichokuwa akikitafuta kilikuwa kimekuja.

"Senja," alisema. "Fungua hapa."

Chini ya jukwaa, bodi ilikuwa imejaa theluji kuukuu iliyoshindiliwa. Onni aliikwangua kwa vidole. Ikatoka kona ya mfuko wa nailoni, kisha mfuko mzima, mnene kama gogo. Nyuma yake mwingine. Na mwingine.

"Mchanga," Clayton alisema, akavua kofia.

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Baridi inapobisha hodi, kila mwenye pikapu katika eneo lile hununua mifuko ya mchanga akailaza nyuma, juu ya ekseli, kwa sababu pikapu tupu kwenye barafu huzunguka kama sahani. Onni alikuwa ameipakia mwenyewe, siku chache kabla ya hospitali. Na kila mwaka, kabla ya kufunga jukwaa, alikuwa akiitoa mwenyewe. Mwaka huu jukwaa lilifungwa na Senja na Clayton, naye akiwaelekeza kwa ishara kutoka dirishani. Mvua iliyonyesha kabla ya theluji ilikuwa imeilowesha mifuko ile, kisha ikaganda, na sasa kila mmoja ulikuwa na uzito wake na wa barafu yake.

Onni aliondoa mkono wake bodini.

"Basi," alisema. "Turudi nyumbani."

"Kwa nini, Baba?"

"Mtu anayesahau mchanga wake mwenyewe atasahau na njia. Ningewaua." Hakupaza sauti. "Turudi, mwanangu. Nimeona nilichotaka kuona."

Clayton alirudisha kofia kichwani.

Senja alitamani kusema si kitu, lakini lilikuwa kitu, na baba yake hakuwa mtu wa kudanganywa. Akamshika mkono wa koti.

"Jukwaa nililifunga mimi. Nilikuta bodi imejaa theluji, nikafagia ya juu, nikasema inatosha, kwa sababu vidole vilikuwa vinaniuma. Mzee Clayton alikuwa upande wa pili na hakutazama. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba na mshono kifuani. Tumesahau watu watatu."

"Wa kwangu ni tofauti. Mimi ndiye niliyeuweka."

"Ndiyo. Na mimi nimesimama hapa na hesabu zangu zote, nisijue pa kutazama. Wewe umejua."

"Nimekumbuka nikiwa nimechelewa."

Senja alielekeza kidevu chake kule barabara ilikopotelea kati ya miti. "Mteremko uko kule, Baba. Sisi tuko hapa. Hujachelewa."

Onni alitazama kule alikoonyeshwa. Mbwa wa Bi Darlene alitoka, akanusa tairi, akarudi ndani kwenye joto.

"Mkichukua koleo mtahangaika bure," Onni alisema hatimaye. "Mwombeni Darlene mtaimbo."

*

Bi Darlene alitoka na mtaimbo wa kutobolea barafu na maneno mengi. Aliwauliza kama wanajenga ufukwe. Clayton alivua koti la juu, Senja akatambaa chini ya jukwaa, na Onni, aliyekatazwa kuinua chochote, akasimama nyuma yao akiongoza.

"Usiupige mfuko. Piga chini yake, kwenye mfereji wa bodi. Hapo. Barafu imeshika chini, juu ni uongo tu."

"Sikia profesa," Clayton alihema.

"Profesa gani, wewe unapiga kama unakoroga uji."

Mifuko ya nyuma iling'oka mmoja baada ya mwingine. Bi Darlene aliipokea kwa shukrani, akaipasua, akamwaga mchanga kuzunguka pampu yake, mahali ambapo wateja wawili walikuwa wameshaanguka wiki ile. Lakini ile ya mbele, iliyokuwa imeshikana na ukuta wa bodi, haikusogea. Mtaimbo uliruka juu yake kama juu ya jiwe. Clayton alipiga mpaka jasho likaganda kwenye nyusi zake, kisha akakaa chini kwenye theluji.

Senja alitoka chini ya jukwaa, akalitazama tena gari kwa ubavu. Pua ilikuwa imeshuka, lakini si ya kutosha.

"Bado," alisema.

"Bado," Onni alikubali.

Clayton alitazama pikipiki yake mpya kule juu, akatazama nyuma ya duka, ambako njia ya zamani ya reli, iliyong'olewa vyuma tangu migodi ifungwe, sasa ilikuwa njia ya pikipiki za theluji inayokwenda tambarare hadi ziwani.

"Nishusheni mimi na ng'ombe wangu," alisema. "Nitapita njia ya reli. Mtapunguza pikipiki na tumbo kwa mkupuo mmoja."

"Kuna baridi, Mzee Clayton."

"Nina akiba, nilishakwambia."

Senja alirudisha pikapu nyuma hadi jukwaa likagusana na kilima cha theluji kilichosukumwa na greda kando ya duka, kama afanyavyo kila mtu huku asipotaka kuhangaika na ngazi ya kupandishia. Clayton akaitelezesha mashine yake hadi kwenye kilima, akashuka nayo taratibu. Lakini Manjano ilibaki pembeni, na mzigo ulioegemea upande mmoja ni hatari yake nyingine. Senja akaishusha pia ili aipandishe upya katikati. Baba yake alisimama mbele yake, akirudi kinyumenyume kando ya jukwaa, viganja vikizungumza.

"Taratibu. Gesi kidogo. Kidogo, nimesema, si ya kwendea harusini. Isogee mbele, uzito usikae mwishoni. Hapo. Zima."

Walikaza mikanda, miwili mbele na miwili nyuma. Onni aliigonga mmoja mmoja kwa kidole, akisikiliza. Mmoja ulitoa sauti ya kulegea, akamwambia Senja aukaze tena. Ulipolia kama waya wa gitaa, akaitikia kwa kichwa.

Kabla ya kupanda gari, Senja alitazama springi. Zilikuwa zimerudi kupinda.

"Gia ya chini kabla hujaanza kushuka," mzee alisema walipofika juu kabisa ya mteremko, na Senja akabadili. Usukani sasa ulikuwa mzito mikononi mwake, uzito mzuri, kama mkono wa mtu anayekushika na wewe. Taa zilimulika barabara. Korongo lilitokea kushoto, na kona ikaja. Senja aliikunja, na gari likaitii. Waliendelea kushuka hadi ziwa lilipofunguka mbele yao, jeupe na pana, na moshi wa sauna ukipanda wima.

*

Clayton alikuwa ameshafika, barafu kwenye ndevu, sahani ya samaki mkononi. Wazee wengine walikuwa wameuzunguka moto, pikapu zao zimepangwa ufukweni. Walimsalimu Onni kwa kumpiga piga mabega kwa uangalifu, kama watu wanaogusa chombo cha udongo.

Mmoja wao, Reuben, mrefu mwenye miwani, alimtazama Clayton, kisha Onni. "Huyu amekuja peke yake kwa njia ya reli, amekataa kusema kwa nini. Mmegombana?"

Clayton alijitia kuchambua miba. Senja alivuta pumzi. Alikuwa ameshaliandaa jibu njiani, kwamba yeye dereva aliogopa, na kila mtu angelikubali kwa urahisi.

"Nilisahau mchanga," Onni alisema.

Samaki walitatarika kwenye kikaango.

"Niliupakia kabla ya hospitali, nikasahau kuwaambia wautoe. Tumebeba jukwaa, pikipiki mbili na Clayton juu ya mchanga uliolowa na kuganda. Taa zilikuwa zinamulika viota vya ndege. Binti yangu ndiye aliyesimamisha gari." Alikohoa kidogo. "Siku hizi nasahau sahau. Bora mjue."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya. "Mchanga," alisema, akitikisa kichwa. Kisha kicheko chake kikakatika katikati. Aliweka sahani juu ya gogo, akaenda kwenye pikapu yake, akafungua mlango wa bodi, akaanza kukwangua theluji kwa buti.

Reuben alimfuata kwa macho. Akavua miwani, akaifuta bila sababu, akaenda kwenye ya kwake. Baada yake mwingine, na mwingine, hata motoni wakabaki watu wachache tu, na kutoka kwenye msururu wa magari zilisikika buti zikikwangua na sauti ikilaani kwa Kifini, lugha ya babu zao.

"Mifuko mingapi?" Onni aliita.

"Nyamaza, Onni," Reuben alijibu kutoka chini ya jukwaa lake.

Clayton alicheka hadi akamwaga samaki. Onni hakucheka kwa sauti, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Senja, aliyekuwa amemtazama majira yote ya baridi kama mtu anayetazama barafu nyembamba, aliacha kutazama akajichotea kahawa.

Waliposhusha Manjano, Senja alivuta kamba ya kuwashia, kwa kuwa kifua cha mzee bado hakikuruhusu. Ikakataa, ikakohoa, ikashika kwa moshi wa buluu. Onni alikaa, akashika mikono ya usukani, akakaa hivyo kidogo akisikiliza injini. Kisha akasogea mbele kwenye kiti na kupiga nafasi ya nyuma kwa glavu.

"Panda."

"Itatubeba, Baba?"

"Inategemea. Una ratili ngapi?"

Senja alitaja.

"Na zile ulizoficha?" Onni aliuliza, na bila kungoja jibu akaiondoa Manjano polepole kuelekea katikati ya ziwa.